Shuka la Wageni kwenye Kichuguu cha Mama Kapinga

Jumatatu, tarehe 1 Desemba 2025

Mvua tangu alfajiri. Mteja mmoja tu studio. Picha ya pasipoti. Alifumba macho mara nne. Nilimlaumu yeye, yeye akailaumu kamera, kisha akavuka barabara kwenda kwa Jephté.

Jephté hana studio. Ana simu na mwavuli. Watu wanampenda. Sielewi.

Jioni shemeji Nkongolo alikuja na habari "njema". Amenipatia nafasi kwenye ofisi ya reli kule Luena, dirisha la tiketi, kuanzia Januari. Rachelle, mke wangu, alifurahi mpaka akakaanga samaki. Mimi samaki hakunishuka. Baba yangu aliitumikia reli miaka thelathini, na kila alipokunywa chai alitazama saa. Mimi niliapa nitakuwa msanii. Nina studio karibu na stesheni ya Kamina mwaka wa kumi huu. Nimepiga picha za pasipoti za nusu ya mji. Kwa ninavyojua, hakuna aliyesafiri.

Lakini nina tumaini! Jana kanisani Mchungaji Mwanza alihubiri juu ya korongo, ndege weupe wanaokimbia baridi ya Ulaya na kuja kwetu kila mwaka bila kukosea majira. (Bila viza pia. Wateja wangu wangefundishwa.) Halafu akatangaza: parokia itachapa kalenda ya 2026, na mbele itakaa picha ya korongo hao jioni. Atakayeleta picha bora ndiye atakuwa mpiga picha wa parokia. Harusi zote, ubatizo wote, kwaya zote tatu. Mwisho ni Jumatatu ijayo.

Nimekubaliana na Rachelle. Nikishinda, tunabaki Kamina. Nikishindwa, Luena, na kamera inauzwa. Tulipeana mikono. Wake ulikuwa na mafuta ya samaki.

Jumanne, tarehe 2 Desemba

Nilifunga studio mchana. Baiskeli, saa moja na nusu, njia ya Kabongo, mpaka kwenye kinamasi. Nilivaa suti nyeusi. Mpiga picha asiyevaa suti ni mtu mwenye kamera tu.

Nikajificha kwenye matete. Mbu wakanitambua mara moja. Jua lilipoanza kuzama, nikamwona. Korongo! Ng'ambo ya maji, mweupe, mrefu, peke yake. Sijawahi kupata mteja wa namna hiyo. Hakutikisa kichwa. Hakufumba macho. Nilimpiga picha sitini na mbili, naye alivumilia zote.

Nimerudi nyumbani nikiimba. Nimezifungua picha kwenye kompyuta.

Ni mfuko wa unga, umenasa kwenye kijiti. Umetoka vizuri sana. Hata maandishi yanasomeka.

Jumatano, tarehe 3 Desemba

Nimefikiri usiku kucha na tatizo nimelipata. Ni nyuma. Studio, sheria ni moja: shuka jeupe nyuma, taa mbele. Kinamasini nyuma kuna matete, matope, mawingu, fujo tupu. Hakuna ofisi ya uhamiaji ambayo ingeikubali picha ile.

Kwa hiyo nimechukua shuka la wageni. Ni zawadi ya harusi yetu, Rachelle halitoi kabatini ila akija mchungaji. Sikumwambia. Nilitaka afurahi kwa ghafla.

Kando ya kinamasi kuna kichuguu kikubwa, kirefu kuliko mimi mara mbili, kikavu, mahali pazuri ajabu. Nikashangaa kwamba hakuna mtu anayekitumia. Nikapanda, nikasimika miti miwili, nikatundika shuka, nikawasha taa yangu ya sola. Mvua ilikuwa imekatika. Hakuna upepo. Jua linaingia.

Ndipo inswa wakatoka. Kumbikumbi, kwa wale wasiojua lugha ya tumbo la hapa kwetu. Walitoka chini ya viatu vyangu, wakanipanda suruali, wakajaa kwenye shuka mpaka weupe haukuonekana. Na nyuma ya inswa, kutoka upande wa magharibi, korongo! Thelathini hivi, wameshusha miguu kama watu wanaopima kina cha maji. Nikainua kamera.

Sauti ikatoka mgongoni mwangu: "Weye mutoto ya ku gare, unafanya nini juu ya kichuguu yangu?"

Mama Kapinga. Huuza inswa karibu na stesheni, ambayo yeye huiita gare, kwa hiyo ananijua. Beseni kichwani, taa mkononi. Nilimweleza mambo ya sanaa. Yeye akanieleza kwamba kichuguu kilikuwa cha baba yake, na kabla yake cha babu yake, na kwamba mtu anayepanda kichuguu cha mwenzake baada ya mvua, na shuka na taa, bila kupiga hodi kwa mwenyewe, ana jina lake, na jina hilo ni mwizi. Nikamwambia sitaki hata inswa mmoja, nataka ndege tu.

"Bandege njo banakula inswa yangu, na weye njo unabawashia taa!"

Korongo waliondoka kwa sababu ya kelele zake. Mama Kapinga amelichukua shuka kama kizibiti cha kumpelekea chifu kesho.

Alhamisi, tarehe 4 Desemba

Asubuhi Rachelle alisimama mbele ya kabati muda mrefu. Kisha: "Baba Shekina, shuka yangu iko wapi?" Nilimjibu kwamba liko mikononi mwa serikali. Si uongo. Chifu wa kijiji ni serikali.

Saa nne nilikuwa mbele ya chifu. Nilijitetea vizuri. Nilisema nimezaliwa kwenye nyumba za reli, na kwetu vichuguu havina wenyewe. Chifu akaniuliza kama kwetu mabehewa nayo hayana wenyewe. Watu walicheka. Sikuona cha kuchekesha.

Hukumu: jioni tatu nimshikie Mama Kapinga taa mpaka mabeseni yake yajae, kufidia jioni niliyomharibia. Taa ni ya kushikwa kwa mikono miwili, juu, bila kuitikisa. Nikauliza kama naweza kupiga picha wakati huo huo. Chifu akauliza, kwa upole kabisa, "Weye uko na mikono ngapi?"

Jioni ya kwanza leo. Nimesimama juu ya kichuguu na taa. Shuka la Rachelle limetundikwa kando yangu, kizibiti kinafanya kazi. Korongo walikuja! Mmoja alipita karibu na sikio langu, nikasikia mbawa zake. Kamera ilikuwa kwenye baiskeli. Niliumia mpaka nikataka kulia. Mama Kapinga akaniambia niinue taa vizuri.

Ijumaa, tarehe 5 Desemba

Mipango miwili leo, yote ya akili.

Wa kwanza. Kamera yangu inaweza kujipiga yenyewe kila baada ya sekunde kumi. Nikaifunga kifuani kwa mkanda wa suruali, lenzi mbele, mikono yangu ikabaki kwenye taa kama sheria inavyotaka. Chifu hakusema lolote kuhusu kifua. Suruali ilinipa shida kidogo, lakini jioni nzima nilisikia kamera ikifanya kazi, kwi, kwi, kwi, na moyo wangu ukafurahi.

Picha mia mbili na kumi na mbili za beseni la Mama Kapinga. Mwanga mzuri.

Wa pili. Asubuhi Jephté alivuka barabara kuniuliza mahali korongo wanaposhukia, eti yeye hajawahi kuwaona. Ana adabu yule, ananiita yaya, yaani kaka mkubwa. Kwanza nilitaka kumdanganya. Halafu nikaona njia bora zaidi: nimwambie kweli! Nikamwelekeza kichuguu, mti kwa mti. Nikaongeza kwamba mwenyewe ni mama mpole sana, apande moja kwa moja, asijisumbue na salamu. Kesho chifu atamkabidhi taa yake. Tutakuwa wawili wenye taa, na hakuna atakayepiga picha. Hiyo ndiyo haki.

Jumamosi, tarehe 6 Desemba

Jioni ya mwisho. Mvua ilikatika saa kumi, inswa walikuwa wengi kuliko siku zote. Nilikuwa juu na taa, suti imeshaharibika, nikasikia baiskeli. Jephté. Nikashusha pumzi, nikasubiri makelele.

Alishuka mbali. Akapiga hodi kule kule barabarani. Akaja na pakiti ya chumvi na sabuni mbili, akampa Mama Kapinga kwa mikono miwili, akamwita mama mukubwa, akamwuliza kichuguu ni cha nani na kama anaweza kusimama karibu nacho.

Nilikuwa nimemwambia asijisumbue! Baadaye nikamwuliza kwa nini hasikii ushauri. Akajibu, "Yaya Urbain, minyi nilisikia haya kupanda ku kitu ya muntu bila kuomba." Vijana wa leo hawafundishiki.

Mama Kapinga alimpa kiti. Kiti! "Kaa hapa, mutoto yangu, hapa njo fasi bandege banapitaka." Na akaketi, na simu yake, ananitazama mimi. Ameligeuzia jua mgongo! Kwa kuwa sina moyo mbaya, nilimwambia ageuke, korongo wanatoka magharibi, Jumatano niliwaona kwa macho yangu. Akasema asante, yaya, akabaki vile vile. Mimi niliangalia magharibi jioni nzima bila kupepesa. Hakuna kitu. Hata unyoya. Sasa ni wazi kwamba Jephté anafukuza ndege.

Jambo moja la ajabu. Mama Kapinga alikuwa ananiangalia na kucheka mpaka akaweka beseni chini. Nilipomwuliza kwa nini, akaniambia niinue taa.

Adhabu imekwisha. Nimerudishiwa shuka, likiwa na mabawa elfu kadhaa. Mama Kapinga amenifungia na inswa wa kukaanga, akaniambia nina mkono mzuri wa taa, haujawahi kutikisika. Kusema kweli niliguswa. Miaka kumi hakuna aliyeisifu kazi yangu.

Jumatatu, tarehe 8 Desemba

Siku ya kupeleka picha. Nimewasilisha ile ya Jumanne. Nimekata sehemu ya chini, maandishi hayasomeki tena, isipokuwa "kilo 25" kwa mbali. Nimeipa jina: Mgeni Kutoka Mbali. Mchungaji Mwanza aliiangalia kwa muda, akaisogeza karibu na dirisha, akaniuliza hali ya mama wa nyumbani. Dalili njema.

Jephté amepeleka bahasha ndogo. Ndogo mno.

Jumapili, tarehe 28 Desemba

Kalenda imetoka. Walizigawa baada ya ibada, mlangoni. Nilisikia vicheko kabla sijafika.

Mbele ni mimi.

Ni mimi juu ya kichuguu, suti nyeusi, taa juu kwa mikono miwili, mdomo wazi, naangalia magharibi kwa bidii. Kando yangu shuka la wageni. Na nyuma yangu korongo. Nimewahesabu. Thelathini na mmoja. Wengine hewani, wengine wamesimama chini wanakula, na mmoja yuko karibu na kisigino changu kiasi cha kunifunga kamba za viatu. Wote walikuja kutoka mashariki. Hakuna aliyeniambia!

Chini wameandika: Picha ya Jephté, mpiga picha wa parokia. Jina langu hakuna. Mchungaji alinipa mkono, akasema inaonyesha mtu na ndege wakingojea majira mamoja. Waimbaji wa kwaya ya pili walitaka nisaini kalenda zao. Nilisaini sita, kwa adabu, lakini rohoni nilikuwa nimekufa. Miaka kumi ya studio imeisha kwa kushika taa kwenye picha ya mtu wa simu.

Nyumbani Rachelle aliitundika kalenda ukutani, juu ya meza. Hakucheka. Aliitazama, akanitazama, akasema, "Hapa unafanana muntu ya kazi." Kisha akaenda kufunga mizigo. Sijui nilie au nishukuru. Nimefanya yote mawili, uani.

Jumamosi, tarehe 3 Januari 2026

Nimejaribu kuuza kamera kama nilivyoahidi. Nilimpelekea Jephté kwanza. Akasema, kwa heshima zote, kwamba yeye ni mutoto, hawezi kubeba kitu ya yaya yake. Wengine walisema tu hapana.

Nikaiacha mezani. Jioni sikuiona tena. Nimeikuta sasa hivi ndani ya sanduku letu la Luena, katikati, imefungwa kwa nguo za Rachelle mwenyewe. Nimelifunga sanduku tena kama lilivyokuwa. Nampenda mwanamke huyu.

Jumanne, tarehe 6 Januari

Luena. Siku ya pili dirishani. Treni haijafika, kwa hiyo kazi ni nyepesi.

Nimewaza sana juu ya mambo ya Kamina, na nimeuona ukweli waziwazi. Kosa langu lilikuwa moja tu: niliangalia magharibi. Mengine yote yalikuwa sawa. Shuka sawa, taa sawa, kichuguu sawa.

Mchana nilitoka kunyoosha miguu. Nyuma ya ofisi, ng'ambo ya reli ya pili, kuna bwawa dogo, na kando yake kichuguu. Kikubwa kuliko kile! Pembeni kimefyekwa vizuri na mtu amepanga mawe kukizunguka, sijui kwa nini. Nimekizunguka mara mbili. Sikuona mtu. Nilimwuliza mlinzi wa stesheni kama kina mwenyewe, akasema yeye ni mgeni, ametoka Kabongo wiki iliyopita. Kwa hiyo hakina.

Mawingu yanakusanyika. Shuka liko chini ya dirisha la tiketi, Rachelle anadhani liko sandukuni. Mvua ikikatika leo jioni, naangalia mashariki.