Vifaranga Watatu Walioachwa Nje

kkkkkkkkkkkk

Ndugu Mtengenezaji wa Programu ya Kurekodi Sauti,

Hizo herufi za hapo juu si matusi. Ni mwanangu, sasa hivi amekalia kibodi, akanitazama, akacheka. Nilipotaka kuzifuta akalia, basi nimeziacha.

Nakuandikia kwa heshima na kwa uchungu. Jumatatu naanza kazi ya kushona sare kiwandani, kazi yangu ya kwanza yenye kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Mtoto atabaki na mama mkwe. Shida ni kwamba halali mchana bila wimbo wangu, na mama mkwe akiimba hata majirani hawalali (kasema mwenyewe, mimi simo). Ndipo shemeji, ambaye ni fundi kompyuta, akatuletea kompyuta kuukuu yenye programu yenu ya bure, ili mimi niende kazini na sauti yangu ibaki nyumbani. Malalamiko yangu ni haya:

1. Wimbo wangu una vifaranga watano, na mama kuku anawalaza mmoja mmoja. Programu yenu inakata kwenye dakika moja. Wawili wanalala, watatu wanabaki nje. Inalia "ting!", nayo inaingia kwenye wimbo, kisha inaandika maneno ya Kiingereza. Siku ya kwanza nilidhani napongezwa, nikaiambia asante.

2. Nikaimba mbiombio ili wote waingie. Waliingia. Lakini mtoto kusikia vile akasimama, akashika meza, akaanza kucheza. Mama mkwe naye akatikisa mabega.

3. Nikasema nirekodi vipande vipande. Kumbe toleo la bure linatunza kipande kimoja tu. Nikimwingiza kifaranga wa tatu, wa kwanza na wa pili wanafukuzwa. Mimi ni mama, Ndugu. Nimchague yupi?

4. Shemeji anasema nafasi humo ndani ni tele, inatosha kurekodi harusi nzima pamoja na ugomvi wa kugawana masufuria. Kwa hiyo hakuna kilichojaa. Mmefunga tu mlango wa chumba kitupu, mkakalia ufunguo.

5. Mliponiambia niingize namba ya kadi ili nipate toleo kamili, niliingiza ya kadi ya kliniki ya mtoto. Mkasema si sahihi. Ni sahihi, nesi aliiandika mbele yangu.

Kwa hayo, naomba mwondoe kikomo hicho kwa kina mama wote wanaoanza kazi Jumatatu. Mkishindwa, mwandikieni bosi wangu kwamba na mimi ni toleo la bure: nitashona dakika moja, "ting!", narudi nyumbani. Na hilo likishindikana, mmoja wenu aje awalaze hao watatu. Mkeka upo.

Nisalimie wote hapo ofisini, na mama zenu, ambao naamini waliwaimbia mpaka mwisho.

Mimi niliyekatwa sauti,
Mama Vifaranga (ndivyo shemeji anavyoniita siku hizi)

Nyongeza: Wakati naandika, mama mkwe alimchukua mtoto akamwekea simu ya shemeji, ambamo shemeji alihamishia ule wimbo wa kwanza uliokatika. Nikaenda kuchungulia. Kifaranga wa kwanza, wa pili, "ting!", na mwanangu akafumba macho palepale. Roho ikaniuma. Nikaona nimmalizie wale watatu kwa mdomo wangu mwenyewe. Akaamka, akaniziba mdomo kwa kiganja, akageukia simu kuitafuta "ting" yake. Ikabidi tumwekee tena.

Basi, Ndugu, kile kikomo msikiguse! Nimelia kidogo, kisha nimecheka, na Jumatatu nitakwenda. Hofu imebaki kwa mama mkwe, simu ikizima chaji itakuwaje, kwa hiyo anafanya mazoezi ya kugonga kijiko kwenye kikombe. Ombi langu jipya ni dogo tu: mnitumie hiyo "ting" peke yake, ili nikirudi jioni na mimi niweze kumlaza mwanangu kama zamani, maana sasa hivi nasikia kijiko kinagongwa mno, na mama mkwe ananiita nije haraka, mtoto ame