Kindi Aliyevuka Mpaka wa Kitabu

Mhunze, 1953

Kwa Bwana Shauri, Geita.

Shikamoo Bwana. Hapa hatujambo, isipokuwa hofu. Mume wangu Jilala anakusalimu, yeye na mguu wake mbovu. Binti yetu Melania anakusalimu. Mama mkwe wangu anakusalimu ingawa hakujui, na anauliza kama nawe una mama.

Mimi ni mama yake Theonest, yule mliyemfunga kwa kuchimba shimo ndani ya uzio wa kampuni ya dhahabu. Mwanangu alieleza vizuri kwamba alikuwa anamfukuza kindi wa ardhini, yule asiyepanda miti, aliyefukua mbegu zetu za karanga. Karani wako akafungua kitabu, akasema kindi huyo kwao ni huku kwetu kwenye ukame, Geita hafiki, basi Theonest mwongo. Kwa heshima zote nalalamika:

1. Kindi hajui kusoma. Mpaka huo nani alimwonyesha?

2. Kama kindi hakufika Geita, Theonest alifuata nini huko? Ni mbali, Bwana, mtu haendi kwa starehe. Na zile zilikuwa mbegu. Uchungu wa mbegu unaujua?

3. Kindi ndiye aliyeanza kuchimba. Shimo lake lina milango mingi, la Theonest lilikuwa na mmoja tu. Kindi hana kibali, wala hayumo rumande.

4. Kwa kuwa kitabu kinajua kila mnyama kwao ni wapi, karani akisome mpaka ukurasa wa Wazungu. Nasikia kwenu ni kwenye baridi kali, lakini huku mnaonekana wengi. Sijasema mwongo ni nani.

5. Na kama kila kiumbe akae kwao, haya, anzeni na Theonest. Kwao ni hapa. Mvua imeanza, baba yake hashiki jembe, na mimi usingizi umenihama.

Wasalimie wote nyumbani kwako, na karani na kitabu chake, na yule askari wa pingu, umwambie asikaze sana, mtoto ana mikono myembamba. Tujibu upesi, magugu yasitutangulie shambani.

Ni mimi mwenye uchungu,
Nyamizi, Mama Theonest

Nyongeza: Nilisahau. Mkimwachia, mrudishieni lile karai la kuoshea mchanga, ni la bibi yake. Bibi anasema kindi wa mwaka jana alituletea ng'ombe wawili na mabati ya nyumba. Huyu wa mwaka huu alikuwa wa mahari.