Lenox Aenda Kuposa na Seli Zake

Lenox wa Changamwe hana kazi, lakini usithubutu kumwambia hivyo. Yeye husema ana kazi zote! Amekuwa dalali wa viwanja, fundi wa simu, DJ wa disko matanga, na mwaka mzima alisomea mambo ya maabara. Aliacha kwa sababu, kwa maelezo yake, walimu walikuwa wamefika mwisho wa ujuzi wao.

Jumamosi moja alikwenda Mtopanga, kule Kisauni, kumposa Nyamvula. Alimpenda kwelikweli. Mila za Wagiriama wa nyumba ile zilijulikana: mposaji huja na mtungi wa mnazi, huketi ametulia, na mshenga ndiye msemaji. Mwishowe binti huulizwa kama mnazi unywewe. Akikubali, ndoa ipo. Akikataa, mtungi unarudi ulikotoka.

Mshenga alikuwa mjomba wake Gedion, naye alianza vizuri. Salamu zikaenda, zikarudi. Kisha Mzee Munga, baba wa binti, ambaye macho yake hayakubanduka kwenye mtungi, akauliza kijana anafanya kazi gani. Gedion akakohoa. Lenox akasimama!

Akatangaza kwamba yeye ni seli shina. Wazee wakatazamana; mmoja akanong'ona kuuliza hilo ni kabila la wapi. Lenox akaeleza kwamba mimba ikiwa changa kabisa, seli zake huwa hazijachagua kazi: hii yaweza kuwa moyo, yaweza kuwa ngozi, yaweza hata kuwa ukucha. Naye yuko vivyo hivyo, na kujifunga na kazi moja ni kujidhulumu. Gedion akamvuta shati. Shati likavutika, mwenyewe hakuvutika.

Angeketi hapo, angepona. Lakini Kache, mama wa binti, akataka kujua ataishije na Nyamvula, maana mtoto huyu ni mwingi wa maneno. Lenox akacheka kisomi. Akasema kila seli ya mwanamke ina kromosomu X mbili, na zote zikitoa amri mwili huvurugika. Basi moja hujikunja pembeni ikanyamaza. Nyumba nayo ni hivyo, wawili hawawezi kusema pamoja. Hakutaja nani anyamaze, ila alimtazama Nyamvula.

"Na hiyo X, mwanangu, hunyamaza tangu mwanzo?" Kache akauliza.

"Hapana, mama. Seli ikiwa bado shina, zote mbili husema. Ikianza kuchagua kazi, ndipo moja hunyamazishwa."

Neno lilipomtoka, akatamani kulimeza. Wapi! Gedion alikuwa ameshajifunika uso kwa kofia.

Kache akamgeukia binti yake, akamuuliza kama mnazi unywewe. Munga akameza mate.

"Msinywe, baba," Nyamvula akasema taratibu. "Huyu bado hajachagua kazi. Akishachagua na aje, ndipo tutaulizana nani anyamaze."

Lenox akajitwika mtungi wake, machozi yakimlengalenga. Munga akawasindikiza hadi kwenye lami, heshima ambayo hakuwa amempa mposaji yeyote. Moyo wa Lenox ukafufuka. Akageuka, akamuuliza mzee kama ana neno la kumwambia.

"Sina neno nawe, mwanangu," akasema Munga. "Nauaga mnazi."