Mheshimiwa Kwenye Dirisha la Bafu

Halmashauri ya Mji wa Sveta Pelagia inayo furaha isiyo kifani kuutangazia umma, na kila mwenye macho, kwamba kuanzia kiangazi hiki hakuna mwili wa binadamu utakaoonekana kupitia dirisha la bafu la gari-nyumba lolote lililoegeshwa katika kambi yetu ya ufukweni. Maneno hayo niliyaandika mimi mwenyewe, Milcho Tsankov, Katibu wa Tume ya Stara ya Madirisha. Nilipoyasoma sokoni kwa kipaza sauti, hata wauza jibini walinyamaza.

Wapo wenye midomo watakaouliza inakuwaje mji ambao mabomba yake yanakauka kila Jumapili uunde Tume ya Stara. Nitawajibu. Mke wa Meya alipita njia ya kambini akamwona daktari wa meno mstaafu kutoka mji wa Ruse akijisugua mgongo. Alitazama kwa muda wa kutosha kuhakikisha kwamba ni kosa, kisha akaenda kumweleza mumewe. Agizo likatoka siku hiyohiyo: kila dirisha la bafu lifunikwe kwa kitu kisichopenyeka kwa jicho, na atakayekaidi, gari lake litakokotwa hadi dampo la vyuma chakavu. Wengine wakasema basi watu waruhusiwe kutumia vyoo na mabafu ya kambi. Hayo tumeyafunga tangu mwaka juzi ili yaboreshwe, na uboreshaji unaendelea vizuri. Kufuli ni jipya kabisa.

Watu wetu walitii, sikatai. Tatizo ni kile walichotumia. Mabango ya uchaguzi ya Mheshimiwa Meya Lachezar Mutafov yalikuwa yamezagaa mji mzima, turubai nene lisilopitisha mvua wala mwanga, tena bure. Tangu ashinde, watu walikuwa wakifunikia kuni na mabanda ya kuku, na Halmashauri ilijifanya haioni kwa kuwa kuku hawapigi kura. Sasa wenye magari-nyumba nao wakayakimbilia. Wengi walikata vipande vya pembeni, penye rangi ya bluu tupu, na hao niliwapigia muhuri bila neno.

Kisha nikafika kwa Mama Zdravka.

Huyu mama zamani alikuwa mwendesha winchi bandarini Varna, na mpaka leo akikushika mkono unajua umeshikwa. Gari-nyumba lake lilikuwa gari la kuuzia mkate ambalo marehemu mumewe, Petko, aliligeuza kwa mikono yake akaliegesha chini ya mtini. Pale palipokuwa pakiuziwa mkate, Petko aliweka bafu lenye choo ndani. Kwa hiyo dirisha la bafu ni pana kama kaunta ya duka, kioo kitupu mwanzo hadi mwisho, na kipande cha pembeni hakikutosha. Mama Zdravka alitundika bango zima kwa nje, kafunga pembe zote nne kwa mshipi wa kuvulia samaki. Mheshimiwa akawa anatabasamu dirishani, na chini ya kidevu chake pameandikwa: NIKO PAMOJA NANYI POPOTE.

"Mama Zdravka," nikasema, "huyu ni nani?"

"Si Meya wako huyo? Au umeshamsahau?"

"Yuko chooni, mama."

"Hayuko chooni. Yuko nje ya choo. Anayekuwa chooni ni mimi."

"Kwa mpita njia, anaonekana yumo ndani."

"Basi mwambie mpita njia apite."

Wakati huohuo wavuvi wawili walikatiza na nyavu zao. Mmoja akavua kofia mbele ya dirisha. "Habari za asubuhi, Mheshimiwa! Leo umekaa sana. Jaribu kula matunda!" Mwenzake akagonga ubavu wa gari akauliza kama kuna mtu. Nikaamuru bango ligeuzwe palepale, uso uelekee ndani, nikaondoka nikiwa nimetimiza wajibu.

Kesho yake nilimkuta Mama Zdravka mlangoni pa ofisi yangu, taulo begani, nywele zimesimama.

"Milcho, sijaoga."

"Maji yamekatika?"

"Maji yapo. Ila mtu wako ananikodolea macho. Nikivua gauni, anatabasamu. Petko wangu hakuwahi kunitabasamia hivyo, na yeye alikuwa ananipenda. Nimeleta malalamiko. Agizo lenu linasema jicho lisipenye. Hilo jicho halijapenya tu, mwanangu, limehamia."

Nililazimika kuitisha Tume. Mwanasheria wetu, Bi Snezhina, mwanamke ambaye hacheki hata akitekenywa, alilichambua suala kwa kina. Uso ukielekea nje, ni kumweka kiongozi chooni. Uso ukielekea ndani, ni kumwingiza kiongozi kwenye bafu la mjane bila mwaliko. Kukata macho ni kumpofusha kiongozi aliyechaguliwa. Kumpindua kichwa chini miguu juu, akasema, tusilitamke hata neno lenyewe.

"Nitamshusha nitundike blanketi," alisema Mama Zdravka.

"Kumshusha Meya kabla ya uchaguzi ni kosa," alisema Bi Snezhina.

"Basi nitamfunika na blanketi palepale alipo."

"Kufunikwa hufunikwa maiti."

Tume ilijadili mpaka chakula cha mchana kikapoa. Mwisho tukapata njia ya busara ambayo haikumvunjia mtu heshima: gari-nyumba likokotwe hadi dampo pamoja na dirisha lake. Hadi siku ya kukokotwa uso uelekee nje, maana ni afadhali Mheshimiwa aonekane chooni peke yake kuliko chooni na mwanamke.

Mama Zdravka hakupiga kelele. Alinitazama. "Hilo si gari, Milcho. Injini ilikufa kabla ya Petko. Hilo ni nyumba yangu, na sina nyingine. Mkilipeleka kule wakalikata vyuma, mimi nitalala wapi?"

Niliumia, siwezi kusema uongo. Lakini maumivu hayana fungu kwenye bajeti.

Agizo la kukokota alilitunga Mheshimiwa mwenyewe, na mpaka leo nalihesabu kuwa ni kazi bora ya lugha. Lilisema gari liondoke saa tatu kamili asubuhi, bila kuchelewa, kusita wala kusikiliza, na atakayelisimamisha bila sahihi ya Meya ajihesabu amejifuta kazi mwenyewe. Hapakuwa na "isipokuwa". Mheshimiwa hapendi neno hilo. Husema ndilo linaloharibu maagizo.

Asubuhi ya siku yenyewe, kambi ilijaa watu. Wapiga picha wa televisheni walikuja. Vangel, dereva wa gari la kukokota, alishafunga minyororo na sasa alikuwa akila banitsa yake, andazi la jibini, kwenye usukani. Mheshimiwa alifika akitokea kwa wavuvi, walikomwandalia dagaa wa kukaanga, mtindi wa baridi na beseni la matunda ya plamu, na kwa upendo alionao kwa wananchi hakubakiza kitu.

"Ndugu zangu," akaanza, "stara ndiyo uti wa mgongo wa utalii! Mji usiojua kufunika..." Uso ukabadilika rangi. Akaniinamia sikioni. "Milcho. Choo."

"Vimefungwa, Mheshimiwa."

"Nani kavifunga?"

"Wewe, Mheshimiwa."

"Ufunguo uko wapi?"

"Kwenye uboreshaji."

Alinitazama kwa jicho ambalo silisahau. Mama Zdravka, aliyekuwa amesimama pembeni na sufuria zake na picha ya Petko ndani ya beseni, aliona hali ilivyo. Angeweza kugeuka upande wa pili. Mimi ningegeuka.

"Ingia, mwanangu," akamwambia. "Tumbo halina cheo. Ila mlango wa bafu usiubamize, kitasa chake kina wazimu."

Mheshimiwa aliingia mbio. Tukasikia mlango ukibamizwa. Na dirishani, mbele ya kamera na mji mzima, uso wake uleule ukaendelea kutabasamu, na chini yake NIKO PAMOJA NANYI POPOTE. Hakuna aliyecheka. Watu walikuwa wanauma vidole wasiangue kicheko.

Saa ya kanisa ikagonga saa tatu.

Vangel alishuka, kwa sababu utaratibu unamtaka dereva ahakikishe, akagonga ubavu wa gari. "Kuna mtu?"

"Kuna mtu!" ikajibu sauti ya Mheshimiwa, imebanwa.

Vangel akanitazama. Mimi nikalitazama agizo. Nililisoma lote, mbele na nyuma. Halikuzungumzia mtu. Lilizungumzia kusita, na mimi tayari nilikuwa nimeanza kusita. Nikainua mkono, nikatoa ishara.

Pua ya gari ikainuliwa juu, na kutoka ndani kukasikika mtu anaserereka. Msafara ukashika barabara ya pwani, mwendo wa kutembea kwa miguu maana matairi ya Petko yalikuwa ya zamani. Watu walifuata. Kwenye mtaa mkuu, wenye maduka walitoka nje wakafikiri ni kampeni zimeanza mapema, wakampungia mkono. Bibi wa duka la mikate alimrushia busu.

"Simamisheni!" ilisikika sauti kutoka ndani. "Milcho, mbwa wewe! Simamisha!"

"Mheshimiwa," nikasema kwa heshima zote, nikitembea kando ya gari, "kusimamisha kunahitaji sahihi yako."

"Niko chooni! Mlango umegoma!"

"Hilo tunalijua."

Tulipofika kwenye kona ya gati, upepo wa baharini ukatupiga. Mshipi wa pembe moja ulikatika, paa, na turubai likaanza kupepea. Kelele ya furaha ikapanda kutoka nyuma. Wapiga picha wakakimbilia upande ule, mmoja akiruka pipa la taka. Nilijua kinachokuja. Petko alikuwa ameweka kioo kitupu, na suruali ya Mheshimiwa, kwa ushahidi wa sauti, ilikuwa bado magotini.

Hapo ndipo Mama Zdravka aliponipita. Alilidaka turubai kwa mkono mmoja, akaibana ile pembe kwenye bati, akawa anatembea sambamba na gari huku amemsitiri. Mkono wa winchi ule. Haukutikisika.

"Lachezar," akaita, kwa sauti ya kawaida tu. "Unanisikia?"

"Nakusikia, mama! Usiachie! Nakuomba usiachie!"

"Siachii. Nataka kuuliza tu. Hili turubai ni la nani? Katibu wako analiamuru kama mali ya Halmashauri. Kama ni mali ya Halmashauri, mimi sitaki kesi. Nimrudishie sasa hivi."

"Ni lako! Ni lako mama, nimekupa!"

"Asante. Na jioni hii mimi nalala wapi?"

Kiongozi ni kiongozi hata akiwa vile. "Tutaunda kamati," akasema Mheshimiwa.

"Mkono unachoka, mwanangu."

"Kamati ndogo!"

Pembe ya turubai ikapanda kidogo, kama pazia mtu anapochungulia mvua. Wapiga picha wakainama.

"Palepale!" akapiga yowe Mheshimiwa. "Chini ya mtini! Unakaa palepale, siku zote, na dirisha ufunike utakavyo!"

"Kwa maandishi."

Niliandika mgongoni mwa agizo la kukokota, nimeegemeza karatasi kwenye bati, huku natembea. Niliandika kwamba gari lisimame, lirudi, likae, na kwamba hakuna afisa wa Halmashauri atakayeruhusiwa kulitazama dirisha lile mpaka mwisho wa maisha ya mmiliki wake. Mama Zdravka alinisahihisha mahali pawili. Nikaipitisha karatasi kwenye upenyo wa juu wa kioo pamoja na kalamu, na mkono uliotoka ndani kuipokea ulikuwa umelowa jasho. Sahihi ilipinda, lakini ni halali. Nikapiga muhuri papo hapo, na Vangel akakanyaga breki.

Sheria za barabara haziruhusu gari la kukokota kugeuza kwenye gati, hivyo tulilazimika kuzunguka na kupita mtaa mkuu mara ya pili. Mama Zdravka alishikilia turubai njia nzima mpaka mtini. Kila baada ya maduka kadhaa mtu alitoka kwenye umati akagonga ubavu wa gari kuuliza kama kuna mtu, na kila mara Mheshimiwa, kwa hofu ya kufunguliwa mbele ya watu, alijibu upesi kwamba yupo. Kwenye mtini, Vangel alikifungua kitasa kwa bisibisi.

Vyoo vya kambi vilifunguliwa kesho yake. Ufunguo ulikuwa kwenye droo ya Meya.

Uchaguzi ulipokaribia, wakati wa vuli, tulitundika mabango mapya, turubai bora zaidi. Lakini watu wa Sveta Pelagia wamezoea vibaya. Hakuna aliyepita mbele ya bango la Mheshimiwa bila kuligonga kwa kidole na kuuliza, kwa adabu, kama kuna mtu. Wazee waliotoka kanisani waligonga. Hata Bi Snezhina nilimwona, na aliangalia kwanza huku na huku.

Mkutano wa kufungua kampeni ulifanyika ukumbi wa utamaduni. Ulijaa hadi ngazini. Mheshimiwa alipanda jukwaani na suti mpya, akakohoa, akafungua mikono. "Ndugu zangu wapendwa," akasema, na akatulia ili wapige makofi.

Hawakupiga. Kwenye benchi la mbele alikaa Mama Zdravka, ameoga, nywele zimechanwa vizuri, ananukia sabuni. Aliinua kile kiganja chake cha winchi, akagonga mbao za benchi mara mbili.

"Kuna mtu!" akapiga kelele Mheshimiwa, kabla hajajua anasema nini.

Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika kumbukumbu za mkutano. Niliandika kwamba mgombea amethibitisha kuwa bado yumo, na kwamba wananchi wako tayari kungoja atoke.