Ordinateri ya Speciosa Inakataliwa Ingawa Wazee Wameiapia

Kwa Bwana Mukubwa wa Lisansi za Ordinateri,

Amahoro. Hapa Rumonge kila mutu anaelezea hii habari vibaya. Eti Muzee Dismasi amegombana na mashine. Uongo! Mashine ndiyo ilianza. Sikiliza ya kweli.

Ordinateri ya binti yangu Speciosa, ile kompyuta ya kukunja anachapia karata za kualika watu ndoa, iligonjwa. Nikaipeleka mwenyewe kwa fundi Salmin, Nyanza-Lac, nikairudisha juu ya magoti yangu ndani ya bisi. Kuifungua, kazi zake zote hazimo. Nikamutuliza: mwanangu, imechoka na safari, hata mimi nilirudi kutoka Tanzania nimesahau Kirundi nusu. Akatia programu upya, akaandika namba ya lisansi, ile ruhusa yenu ya kuitumia. Ikajibu kwa rangi nyekundu: mashine haitambuliki, lisansi hii ni ya mashine ingine.

Na mujukuu wangu Irakoze anaolewa samedi, Jumamosi hii! Bila karata mukononi, wakwe wa Minago hawatoki hata mulangoni.

Kwa hiyo ninalalamika:

1. Salmin anasema ndani ya kila mashine muko kakitu kadogo kama kucha, kanaficha siri ya jina yake, na nyinyi munauliza hako peke yake. Tangu lini mutu akashuhudiwa na kucha yake? Anashuhudiwa na majirani.

2. Nikaita bashingantahe, wazee wetu wa kuamua mambo, Venanti na Leonsi. Wakaigeuza, wakaona chini ya tumbo alama ya pasi, ile Speciosa aliiunguza mwaka jana. Venanti akapiga fimbo chini: "Ni yeye!" Leonsi naye: "Ni yeye kabisa, hata akinenepa!" Kwa fimbo hiyo watu wamerudishiwa mashamba. Mashine yenu ikarudia yale yale. Venanti hajatukanwa hivyo tangu azaliwe.

3. Mimi nilitoka hapa kukimbilia Tanzania 1972 na meno yote, nikarudi na manne na goti ya chuma. Kwa sheria yenu mimi sio Dismasi. Basi ndoa yangu imekufa, Speciosa hana baba, Irakoze hana babu. Samedi nani atamutoa?

4. Ninaomba mutie ndani ya programu nafasi ya vidole vya bashingantahe wawili. Ama uje wewe mwenyewe Rumonge, tukukague kama ni wewe kweli.

Salamu kwa bibi yako, watoto, na mashine zako zote, hata zile hazitusalimii.

Ni mimi, mwenye kutambuliwa hata Kabonga, kwenye mupaka wa Tanzania,
Muzee Dismasi

Nyongeza: Salmin amepiga simu sasa hivi. Ordinateri ya Speciosa iko kwake bado, imepona, kazi zote zimo. Inakuja na pikipiki, karata zitatoka leo. Mimi nilibeba ya mutu mwingine. Na ile alama ya pasi, sawa, ilikuwa haipo. Nilifikiri fundi ameipangusa, nikairudisha mwenyewe na pasi ya makaa kabla wazee hawajafika. Mwenye mashine akiwapigia simu, tafadhali, museme hamunitambui.