Kochi la Mzungu na Mguu wa Jemedari

Jumatatu, 9 Juni
Kochi limefika! Owino dalali amelileta hadi hapa Rongai kutoka kwa mzungu mmoja wa Naivasha anayehama. La kijivu, pana, ukikaa unazama kama kwenye unga. Jumamosi akina mama wa kanisa wanakuja kwangu kwa maombi, na Jumapili wanachagua mwenyekiti. Ni mimi au jirani yangu Namalwa, na Namalwa ana viti vya mbao. Mimi si wa kujigamba. Nimewaambia tu wote, mmoja mmoja kwa simu, kwamba mzungu mwenyewe amekalia kochi hilo miaka kumi.

Jioni Jemedari akaingia. Mbwa wetu, miaka kumi na tatu, hajawahi kukojoa ndani hata siku moja. Akanusa kochi kwa makini kama mtu anayesoma barua. Akainua mguu. Polepole, maana nyonga zinamuuma. Huku ananitazama machoni!

Jumanne, 10 Juni
Nimelikemea pepo. Nimemkemea na mbwa. Akarudia. Nikapaka pilipili kichaa kwenye ile kona yake. Jemedari akapiga chafya, akahamia kona ya pili. Aliyekalia pilipili ni mume wangu Naftaly, tena na kaptura nyepesi. Chakula amekula amesimama. Hanisemeshi.

Jumatano, 11 Juni
Kipketer, daktari wa mifugo, amekuja. Akauliza kama mzee Jemedari anakunywa maji kupita kiasi, akapima mkojo, akasema figo ziko sawa. Ati anaweka alama tu: akinusa dume mwingine, lazima aandike jina lake juu. Akauliza kama kuna dume mgeni humu ndani. Nikamwambia madume wa hapa ni wawili tu, na mmoja hanisemeshi. Akashauri Jemedari ahasiwe. Naftaly akapata sauti ghafla. Akasema mzee mwenzake hakatwi kitu katika boma hili.

Alhamisi, 12 Juni
Leo nepi. Leso yangu kuukuu na pini nne. Nilijisifu nusu saa nzima. Kisha Jemedari akaivua langoni, akaitandaza mbele ya Namalwa aliyekuwa anapita.

"Haki Mama Natalie," akaniambia, "kumbe Mungu amekukumbuka kama Sara! Ni kijana ama msichana?"

Nina miaka hamsini na mbili. Nimemsamehe. Karibu yote.

Ijumaa, 13 Juni
Nimempigia Owino kuuliza kama kochi lina kasoro. Akacheka. "Mathe, si hilo lilikuwa la mbwa? Mzungu alikuwa anakaa kwa kiti cha plastiki." Dume moja kubwa, akasema. Usiku na mchana lilikuwa hapo.

Jameni! Mbwa kwa kochi! Nani angefikiria? Mbwa wa hapa analala chini ya ghala la mahindi, na anashukuru.

Kipketer kwa simu: litoe nje. Naftaly: litoe nje. Nilitoe, na watu wameshaambiwa? Nimetandika vitambaa vinane vya kufuma. Nimenunua udi. Jemedari kesho anafungwa kwenye banda la ng'ombe kwa kamba mpya.

Jumamosi, 14 Juni
Wacha niandike.

Walikuja kumi na wanne. Chai, mandazi, sifa za kochi. Namalwa akakaa kwenye ile kona ya pili ya Jemedari, akadunda mara mbili, akauliza bei. Utamu gani huo! Kisha tukapiga magoti kama kawaida yetu, kila mtu ameinamia kiti chake, uso kwenye kitambaa, mgongo ukielekea katikati ya chumba. Macho yamefungwa. Udi unafuka. Maombi yakapanda.

Nikasikia kucha kwenye sakafu. Nikafungua jicho moja. Jemedari, na kipande cha kamba shingoni! Akaenda moja kwa moja kwenye kona yake. Kona imezibwa na Namalwa. Akafikiri kidogo. Akainua mguu.

"Joto!" Namalwa akalia. "Nasikia joto!"

"Haleluya!" wakajibu wote.

"Linashuka! Linashuka mpaka kwa miguu!"

Ningesema nini? Nikasema amina. Jemedari akatoka kabla hatujafumbua macho.

Jumapili, 15 Juni
Namalwa ametoa ushuhuda. Joto lilivyoshuka. Rinda lilivyolowa huku nje ni jua kali, kama ile ngozi ya kondoo ya Gideoni. Harufu aliyoisikia, ya udi na kitu kingine ambacho hajawahi kukinusa hapa duniani. Mchungaji akafuta machozi. Kura hazikupigwa hata. Walisimama wote na vigelegele: Namalwa mwenyekiti!

Na nyumba ni ya nani? Na udi ni wa nani? Na mbwa? Lakini nikisema ukweli, basi wameinamishwa kwenye choo cha Jemedari, na mimi ndiye niliyewakaribisha. Nikapiga makofi. Naftaly, niliyemweleza njiani, amecheka mpaka akasahau kwamba hanisemeshi.

Jumanne, 17 Juni
Namalwa amepiga simu, sauti imeshakuwa ya mwenyekiti. Akina mama wanaomba kurudi kwangu Jumamosi hii. Kwenye kochi lile lile. Naftaly anasema nimshukuru Mungu, niseme limeuzwa, lichomwe leo hii. Kipketer ameahidi kuleta kiberiti. Wanaume hawaelewi mambo ya rohoni.

Kwa maana nafasi ya makamu mwenyekiti bado iko wazi. Kona ile Jumamosi ni yangu. Nimeshaiwekea kitambaa cha jina langu. Kamba nimeitupa. Na Jemedari, kuanzia asubuhi ya leo, anawekewa karai la pili la maji.