Foleni ya Ndugu

Jumatano, 3 Desemba
Wiki ya kwanza ya likizo. Boti zangu tatu za pedali, zote za umbo la bata, zimeshinda zikielea kwenye bwawa la bustani bila abiria. Ng'ambo ya njia, Mama Aiskrimu hana hata nafasi ya kupumua. Msimamizi wa bustani amesema atapita Jumamosi. Akikuta boti tupu, kibali changu ndiyo basi, gati anapewa mwingine. Hakutaja jina. Macho yake yalikuwa kwenye aiskrimu.
Miaka sita nimekaa kwenye gati hili. Wakiniondoa sijui nitakuwa nani.

Alhamisi, 4 Desemba
Nimepata! Watu hufuata watu. Nikiwa na foleni, nitapata foleni. Nimewapigia simu shemeji, binamu, wajomba na shangazi. Jumla kumi na wanne. Mke wangu akasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikamjibu changu hakitembei, kinaelea. Hakucheka. Akaongeza kwamba mama yake atakuja pia. Mama mkwe! Na fimbo yake!

Jumamosi, 6 Desemba
Ndugu wamefika saa tatu, wamependeza utadhani wanakwenda harusini. Nikawaonya wasipande haraka, foleni isije ikaisha. Kosa! Wateja wa kweli wakaja, wengi kuliko siku zote. Wakatazama foleni, wakaguna, wakavuka njia kula aiskrimu wakati wakisubiri. Hawakurudi. Kufika saa tano ndugu zangu nao wakavuka. Msimamizi alipotokea, foleni ilikuwa ng'ambo, na aliyekuwa mbele kabisa ni mjomba.
Bwawani, boti moja tu. Mimi na mama mkwe, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejitolea kumpeleka. Mkwe na mkwe magoti yakigusana, aibu tupu! Nikapiga pedali kwa hasira. Tulipofika katikati akaniomba nisimame. Akatia vidole majini. Akasema tangu baba mkwe afariki, hajakaa mahali pasipo na mtu wa kumuuliza kama amemeza dawa. Akaniita mwanangu. Miaka kumi na moja, mara ya kwanza. Machozi yalinilenga, nikajifanya nakagua usukani.
Gatini msimamizi alikuwa akinisubiri. Kuanzia wiki ijayo gati ni la Mama Aiskrimu.

Jumapili, 7 Desemba
Mama Aiskrimu amekuja nyumbani mwenyewe. Amesema gati analitaka kwa ajili ya viti tu, boti zibaki. Eti jana wateja wake walinyamaza wakimtazama yule mama mzee majini, na wengi wameulizia boti. Akasema kaka, tushirikiane: wale kwake wakisubiri, wapande kwangu wakishamaliza. Nimempa mkono. Mama mkwe amesema nisije nikamwangusha mama wa watu. Nimeahidi, na nilimaanisha.
Nimewaza mchana kutwa. Kumbe foleni haikumpandisha mtu botini. Waliovutiwa walivutiwa na bibi mmoja aliyetulia.
Halafu nikawaza tena. Foleni ndefu hufukuza wateja, wakavuka njia. Hilo nimeliona kwa macho yangu. Basi Jumamosi ijayo ndugu wote kumi na wanne watapanga foleni kwa Mama Aiskrimu. Mjomba amekubali kabla sijamaliza kueleza, mradi awe mbele.
Mama mkwe simwambii.